Kilemba cha kiti uwanjani: mashabiki walivyolipia timu ambayo haijazaliwa

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kutafuta fremu Kariakoo anakijua kilemba. Unampata mpangaji anayetaka kuondoka, mnaelewana pembeni, unamhesabia fedha nzito mkononi, na baada ya hapo ndipo unapoanza kulipa kodi ya kila mwezi kama mpangaji mwingine yeyote. Kilemba hakipunguzi kodi wala hakikufanyi mwenye nyumba. Umelipia nafasi ya kuwa mlipa kodi, basi.

Wamarekani nao wana kilemba chao, ila wao wamekipeleka uwanjani. Wanakiita leseni ya kiti. Shabiki analipa fedha mara moja, na kwa malipo hayo anapewa haki ya kununua tiketi za msimu za kiti fulani, mwaka hadi mwaka. Tiketi zenyewe analipia tofauti. Akiacha kununua tiketi, kwa kawaida haki hupotea na kilichotangulia hakirudi.

Swali lililotufanya tuandike limeletwa na mfanyabiashara mmoja wa vipuri, ambaye mdogo wake anaishi katika jimbo la North Carolina. Mdogo mtu alilipa dola 1,000 kwa chuo kikuu cha hapo anapoishi na akaambiwa sasa ana kiti chake. Kaka mtu anauliza: hicho ni kitega uchumi? Je, ahesabu kuwa ndugu yake ana hisa katika timu?

Jibu fupi ni hapana, hana hisa. Jibu refu lina faida zaidi, kwa sababu namna hii ya kukusanya mtaji inaonekana nyepesi na ndani yake mna mahesabu ambayo hata waliosomea biashara huyapita haraka.

Ilikoanzia

Si jambo jipya sana. Timu ya Dallas Cowboys ilipohamia Texas Stadium mwaka 1971, aliyetaka tiketi za msimu alitakiwa kwanza anunue hati za dhamana za uwanja. Lakini mtindo wa leseni kama unavyojulikana leo ulikomazwa katika mji wa Charlotte, na mtu anayehusishwa nao zaidi ni Max Muhleman, mshauri wa biashara ya michezo. Miaka ya 1980 mji huo ulipopata timu ya mpira wa kikapu ya Hornets, wanunuzi wa kwanza wa tiketi za msimu walipewa haki maalumu juu ya viti vyao. Muda si mrefu wakawa wanauziana haki hizo kwa bei kubwa. Muhleman akauona mchezo: kama shabiki anaweza kumlangulia shabiki mwenzake, kwa nini fedha ile isiingie kwa mwenye timu tangu mwanzo?

Aliyelitumia wazo hilo kwa ukubwa ni Jerry Richardson, mchezaji wa zamani wa Baltimore Colts aliyetumia fedha ya ubingwa wa 1959 kuanzisha mgahawa wa vyakula vya haraka na kuwa tajiri mkubwa. Mwaka 1993 Richardson alikuwa akiomba ligi ya NFL impe timu ya Charlotte. Hakuwa na timu, hakuwa na uwanja, ila alianza kuuza leseni za viti kwa bei kati ya dola 600 na dola 5,400. Ziliuzwa zaidi ya 60,000. Zilipatikana kama dola milioni 150, na baada ya kodi zikabaki kiasi cha milioni 100. Ligi ilimpa timu, Carolina Panthers, Oktoba 1993, na uwanja uliogharimu kama dola milioni 248 ukafunguliwa 1996.

Angalieni kilichotokea hapo. Sehemu kubwa ya gharama za uwanja ililipwa na watu wasiopata hata hisa moja. Hawakupewa gawio. Hawakualikwa kwenye mkutano mkuu. Richardson alipoiuza timu mwaka 2018, kwa bei iliyotangazwa kuwa zaidi ya dola bilioni mbili, mwenye leseni hakuwa na mgao kwenye fedha hiyo. Alibaki na kiti.

Chuo kinataka timu

Sasa tuje kwenye chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Charlotte, ambacho timu zake huitwa 49ers kwa kumbukumbu ya mwaka 1949, kilikuwa na sifa katika mpira wa kikapu lakini hakikuwa na futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kukimbia na mpira wa umbo la yai mkononi. Marekani kusini, chuo kisicho na futiboli ni kama arusi isiyo na pilau. Wahitimu hawarudi kutembelea, televisheni haiji, na mashirikisho makubwa ya michezo ya vyuo hayakuiti mezani.

Septemba 2008 mkuu wa chuo, Philip Dubois, alipendekeza timu ianzishwe, na Novemba mwaka huohuo bodi ya wadhamini ikakubali. Sehemu ya mpango ilikuwa leseni za viti, bei ikianzia dola 1,000 kwa kiti kimoja.

Tarehe hizo zitazameni vizuri. Benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 15, 2008. Wachovia, moja ya benki mbili kubwa zilizokuwa na makao makuu Charlotte, iliyumba mwezi huohuo, na Oktoba ikatangazwa kununuliwa na Wells Fargo. Kwa hiyo chuo kilikuwa kinabisha hodi kwa wafanyakazi wa benki, mawakala wa nyumba na wenye maduka, kikiomba dola 1,000 kwa ajili ya timu isiyo na kocha wala uwanja, wakati watu haohao wanajiuliza kama mwezi ujao watakuwa na ajira. Mwuzaji wa leseni hawezi kuchagua msimu mbaya zaidi ya huo.

Pamoja na hayo timu ilipatikana. Kocha Brad Lambert aliajiriwa mwaka 2011. Uwanja wa viti 15,314 ulijengwa ndani ya eneo la chuo kwa zaidi ya dola milioni 40. Agosti 31, 2013 timu ilicheza mechi yake ya kwanza, ikaifunga Campbell 52 kwa 7. Mwezi Juni wa mwaka huo Richardson, yuleyule wa Panthers, alitoa dola milioni 10, na uwanja ukapewa jina lake.

Leseni ililipa nini hasa?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Huambiwa mashabiki wamejenga uwanja. Tufanye hesabu ya dukani, kwa namba za mfano tu.

Tuseme zinauzwa leseni 3,000 kwa dola 1,000 kila moja. Hizo ni dola milioni 3, na zinaingia mara moja tu. Tuseme chuo kimekopa dola milioni 40 kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 4. Marejesho yatakuwa kama dola milioni 2.3 kila mwaka. Fedha yote ya leseni ingelipa deni hilo kwa mwaka mmoja na miezi mitatu hivi, kisha ingebaki miaka 28 na ushee.

Nani anailipa hiyo miaka 28? Chukua wanafunzi 25,000, ambayo ni idadi inayokaribia ya chuo hicho wakati ule. Kila mmoja akiongezewa ada ya dola 100 kwa mwaka, inapatikana milioni 2.5, tena kila mwaka, bila kumbembeleza mtu. Na kweli ndivyo ilivyo katika vyuo vya aina hii: mhimili wa bajeti ya michezo ni ada ya lazima anayolipa mwanafunzi, awe anakwenda uwanjani au anashinda maktaba. Mwanafunzi wa uuguzi anayefanya kazi usiku ili alipe karo anachangia kofia za chuma za wachezaji. Jambo hilo lililalamikiwa na linaendelea kulalamikiwa huko, na mwandishi wa safu hii anaona walalamikaji wana hoja. Mwenye leseni angalau alichagua.

Kama leseni ni kiduchu hivyo, kwa nini chuo kilihangaika nazo?

Sababu ya kwanza ni muda. Timu mpya inakula fedha kabla haijauza hata tiketi moja. Lambert na wasaidizi wake walikuwa kazini miaka miwili kabla ya mechi ya kwanza. Lazima wachezaji wasajiliwe na kusomeshwa bure. Kwa kanuni za wakati ule, timu ya daraja la juu iliruhusiwa ufadhili wa wachezaji 85, na ya daraja linalofuata 63. Juu ya hapo ipo sheria ya Marekani ya 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu, hivyo ukiongeza nafasi nyingi za wavulana lazima ufikirie na za wasichana. Fedha inayoingia mapema, isiyo na riba wala tarehe ya kurejeshwa, ni dhahabu kwa mradi wa namna hii. Tulipofundishwa vyanzo vya mtaji tuliambiwa hakuna mtaji wa bure. Mwalimu wetu hakuwahi kukutana na shabiki.

Sababu ya pili ni ushahidi. Maelfu ya watu wakisema wanaipenda timu, mwenye benki atatabasamu tu. Wakitoa dola 1,000 kila mmoja, atafungua daftari. Leseni inampima mnunuzi kabla bidhaa haijatengenezwa, na inawapa wakubwa wa chuo jibu la kuwapelekea watunga sheria wa jimbo. Muuza vitenge anayechukua malipo ya awali kabla ya kuagiza mzigo anafanya jambo lilelile.

Bei halisi ya kukaa

Turudi kwa mdogo wa yule bwana wa vipuri. Amelipa dola 1,000. Je, kiti kinamgharimu kiasi gani?

Ikiwa haki yake haina mwisho, gharama yake ni faida aliyoikosa. Fedha hiyo ingekaa mahali penye asilimia 5 kwa mwaka, ingemzalia dola 50. Kwa mechi sita za nyumbani, ni dola nane na senti kadhaa juu ya bei ya kila tiketi. Si mbaya. Lakini leseni ikiwa ya miaka 10 tu, lazima arudishe na mtaji wake ndani ya muda huo, na hesabu inapanda hadi kama dola 130 kwa mwaka, yaani zaidi ya dola 21 kwa mechi. Leseni ileile, bei ileile, kiti kilekile. Kilichobadilika ni kifungu kimoja cha mkataba kinachotaja muda. Ndiyo maana swali la kwanza kuuliza ni ‘miaka mingapi?’ kabla ya ‘bei gani?’

Swali la pili linauma zaidi: je, mtu anaweza kukipata kiti bila leseni? Kilemba cha fremu kina thamani kwa sababu fremu ni chache na nje kuna foleni. Siku ambayo mtaa mzima una fremu zenye kufuli na vibao vya ‘inapangishwa’, kilemba kinakufa. Leseni ya kiti ni vivyo hivyo. Thamani yake yote ni uhaba.

Hapo chuo cha Charlotte kilifanya jambo la busara: kilianza na uwanja mdogo. Viti 15,314 si vingi kwa mchezo huo, na siku ya kwanza watu walifurika. Lakini uhaba ule haukuwa wa kudumu. Kwanza, uwanja ulichorwa ili uweze kupanuliwa baadaye, na kila kiti kipya ni mshindani wa kiti chenye leseni. Pili, timu ilipanda daraja la juu mwaka 2015 na ikakiona cha moto. Msimu wa 2017 ilishinda mechi moja katika 12. Kwa timu ya namna hiyo hakuna mlanguzi getini. Mtu anafika asubuhi ya mechi, ananunua tiketi na kukaa karibu na yule aliyelipa kilemba. Mwaka 2019 mambo yalikuwa mazuri zaidi, timu ikapata mechi yake ya kwanza ya baada ya msimu huko Bahamas, ingawa ilifungwa na Buffalo. Septemba 2021 ikaifunga Duke nyumbani, 31 kwa 28. Thamani ya leseni hupanda na kushuka pamoja na mambo kama hayo, na mwenye leseni hana sauti katika lolote.

Walioungua

Wapo waliopata hasara za wazi kuliko hizo. Timu ya Raiders iliporudi Oakland mwaka 1995, leseni za miaka 10 zilitegemewa kulipia ukarabati wa uwanja. Hazikuuzwa kama ilivyotarajiwa, na mzigo wa deni ukawaangukia walipa kodi wa mji na wilaya. Mwaka huohuo St. Louis iliwavuta Rams kwa fedha za leseni. Mwaka 2016 timu ikafunga virago na kurudi Los Angeles. Wenye leseni walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 yakafikiwa maelewano ya kuwarejeshea hadi jumla ya dola milioni 24.

Chuo hakiwezi kuhama mji, na hiyo ni nafuu. Lakini kinaweza kuifuta timu. Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham kiliifuta timu yake ya futiboli Desemba 2014 kwa sababu ya gharama. Wafadhili na mashabiki walipiga kelele na kutoa ahadi za fedha, uamuzi ukageuzwa miezi sita baadaye, na timu ikarudi uwanjani 2017. Mwenye haki ya kiti katika kipindi hicho alikuwa na haki ya kununua tiketi ya kitu kisichokuwepo.

Mfano unaofundisha kupita yote ni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hicho hakikuwa na timu mpya, kilikuwa na uwanja wa zamani uliohitaji kukarabatiwa kwa sababu ya matetemeko. Ukarabati uligharimu dola milioni 321. Wakubwa wa chuo walipanga kuuza haki za viti bora, za miaka 40 hadi 50, kwa bei kati ya dola 40,000 na 220,000, na lengo lilikuwa dola milioni 270. Hadi mwisho wa 2011 walikuwa wamekusanya milioni 31 tu. Wanunuzi waliruhusiwa kulipa kidogokidogo na kujitoa njiani. Kwenye vitabu ahadi zao zilionekana kama mali, ila ahadi ya mtu anayeweza kuondoka mwakani si sawa na fedha benki. Deni lilibaki kwa chuo. Mfanyabiashara aliyewahi kukopesha mzigo Desemba kwa maneno ya ‘nitalipa Januari’ hahitaji maelezo zaidi.

Kodi nayo

Liko jambo moja ambalo mdogo mtu anapaswa kulijua, maana linagusa mfuko wake moja kwa moja. Kwa muda mrefu sheria ya Marekani ilimruhusu anayetoa mchango kwa chuo ili apate haki ya kununua tiketi kukata asilimia 80 ya mchango huo katika mapato yanayotozwa kodi. Kwa mtu anayetozwa asilimia 25, mchango wa dola 1,000 ulimpunguzia kodi dola 200, hivyo serikali ilikuwa inamchangia bila kusema. Sheria ya kodi iliyopitishwa Desemba 2017 ilifuta nafuu hiyo kuanzia Januari 1, 2018. Aliyelipa 2010 na anayelipa leo hawakununua kwa bei moja, hata kama risiti zinafanana.

Kwa hiyo kaka amwambie nini mdogo wake? Amwulize anakwenda mechi ngapi kwa mwaka. Kama anakwenda zote sita, na watoto, basi amenunua starehe kwa bei inayoeleweka, na aiandike kwenye matumizi. Kama aliinunua akitegemea kuiuza kwa faida, asome mkataba kifungu kwa kifungu: je, leseni inaweza kuhamishiwa jina la mtu mwingine, kuna ada ya kuhamisha, na asipolipia tiketi msimu mmoja haki inakwenda wapi? Kisha siku ya mechi ya kawaida, dhidi ya timu ndogo, apite dirishani aulize kama bado zipo tiketi za upande anaokaa yeye. Wakimjibu kwamba zipo, na anaweza kuchagua mstari anaoutaka, atakuwa ameijua bei ya leseni yake sokoni.